Nilifika mpaka geti la mitingi, nikageuka

SWALI: Sasa kaka. Mimi ni fundi wa welding huku Rongai, miaka 36, na pombe imenishinda. Nimejaribu kuacha mwenyewe mara nne, ya mwisho nilimaliza siku kumi na moja halafu malipo ya mteja yakaingia kwa simu, kushtuka niko wines na kota mkononi. Siku hizi asubuhi lazima nitoe loki kwanza, yaani nipige pombe kidogo, la sivyo mikono inatetemeka hata kushika mashine siwezi. Kuna jamaa aliniambia kuhusu mitingi za AA, Alcoholics Anonymous, ile ya walevi kusaidiana kuacha pombe. Jumamosi nikafika mpaka geti, nikasikia watu wanacheka ndani, nikarudi nyumbani. Wanalipisha? Nitalazimishwa kuongea? Na nikikutana na mteja wangu humo?
Fundi, Rongai

JIBU: Fundi, hiyo ya kufika geti usiidharau. Mimi mitingi yangu ya kwanza nilipita geti mara tatu nikijifanya naongea na simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima chaji. Mara ya nne mzee mmoja akaniambia hebu nishikie hii thamosi nifungue mlango, basi nikaingia nimebeba chai ya watu, sasa ningetoroka vipi? Na hicho kicheko hawakucheki wewe, pengine kuna mtu alikuwa anasimulia vile alikuwa anaficha chupa ndani ya tanki ya choo mpaka fundi wa bomba akaikuta.

Lakini kabla ya mitingi tuongee kuhusu hiyo mikono. Mtu akitetemeka mpaka apate kitu ndiyo atulie, mwili umeshazoea pombe, na ukikata ghafla peke yako nyumbani unaweza kuanguka kifafa au kuanza kuona vitu havipo, mara nyingi ni ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na watu wamekufa hivyo. Sikutishi. Nenda hospitali uwaambie ukweli, unakunywa ngapi na ya mwisho ulikunywa lini, kuna dawa za kukushusha polepole na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Mitingi haifanyi hiyo kazi, inakungoja ukishatulia au inaenda sambamba na daktari.

Haya, pesa. Hakuna kiingilio wala ada, mwishoni kikapu kinazunguka, mwenye nayo anatia ya chai na kodi ya chumba, asiye nayo anakipitisha tu na hakuna wa kukuangalia. AA ilianza 1935 huko Akron, Ohio, walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari, wakagundua wakikaa wakiongea wao kwa wao kiu inapungua, na mpaka leo kinachohitajika ni uwe unataka kuacha. Kuongea si lazima. Zamu ikikufikia unasema jina lako moja, "leo nasikiliza tu", imeisha. Mteja wako ukimkuta humo jua hakuja kuulizia geti lake, naye ameletwa na chupa, na yanayosemwa mle hayatoki nje.

Kutafuta: tovuti ya AA Kenya, au apu yao ya bure inaitwa Meeting Guide. Piga kwanza uthibitishe, maana mitingi zinahama chumba na orodha inabaki vilevile. Pia kuna 1192, namba ya simu ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, unaongea na mshauri. Ukiona imeandikwa "wazi" hata mkeo anaweza kukusindikiza, "iliyofungwa" ni ya wenye shida ya pombe peke yao. Chukua ya jioni, kwa sababu sheria ya 2010, ile tunaita ya Mututho, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja siku za kazi, na najua hiyo saa inavyokuita. Ya kwanza usipoipenda jaribu nyingine tatu nne, mimi ya kwanza kulikuwa na jamaa alishea dakika ishirini kuhusu shemeji yake nikasema hapa sirudi.

Halafu omba namba ya mtu mmoja wa mitingi. Wewe kinachokuangusha nimekiona kwa barua yako, ni mlio wa pesa kuingia. Mteja akisema natuma sasa hivi, mpigie huyo mtu kabla meseji haijafika.

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni Muislamu niko Kisauni, nakunywa kwa siri na naona haya hata kuandika. Nasikia mitingi hufanywa kanisani, sasa mimi nitaingiaje?
Mama wa wawili

JIBU: Waalaikum salaam dadangu. Nyingi hukodi ukumbi wa kanisa kwa sababu ni rahisi, si ibada. Wana dua fupi na wanataja Mungu "kadiri tunavyomwelewa", wewe wako unamjua. Huko pwani pia kuna mitingi nyingi za NA, Narcotics Anonymous, za wanaoacha dawa za kulevya, zilishamiri kwa sababu ya unga, yaani heroini, na wao pombe wanaihesabu dawa ya kulevya kama nyingine kwa hiyo mnywaji anapokelewa, Waislamu wamejaa humo. Uliza kama kuna ya wanawake. Na kama kutoka nyumbani bado kuzito, zipo za Zoom, unaingia na jina moja, kamera umezima, watoto wakishalala.