Boti ya farasi 30 bila leseni huko Corfu: nijiandae vipi?

SWALI

Nahodha, shikamoo. Mimi ni mtu wa Dodoma, sasa naishi Köln, Ujerumani, na familia yangu. Mwezi wa saba tunakwenda Corfu, Ugiriki, kwa wiki moja: mimi, mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 9. Kwenye kijiji tulichopanga nyumba wanakodisha boti ndogo zenye mashine ya farasi 30. Unaendesha mwenyewe na wanasema leseni haitakiwi. Gari naendesha miaka mingi, lakini boti sijawahi kuishika, na mke wangu ana hofu kwa ajili ya watoto. Je, sheria kweli inaruhusu? Mtu asiyejua bahari anaweza kuendesha salama kwa kufundishwa nusu saa tu? Nikague nini kabla ya kutoka?

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sheria, maana ndiyo sehemu fupi. Hujadanganywa. Ugiriki inaruhusu mtu mzima kukodi boti ndogo yenye mashine isiyozidi farasi 30 bila cheti chochote. Ila ruhusa hiyo usiibebe kwenda nayo nchi nyingine. Uhispania wanataka boti isiyozidi mita 5 na mashine isiyozidi farasi 15, uendeshe mchana tu, na usivuke maili 2 za baharini kutoka bandarini. Italia wanafika farasi 40, ndani ya maili 6 kutoka pwani. Ufaransa, baharini, ukipita farasi 6 unadaiwa leseni. Hapo Ujerumani mnakoishi mpaka ni farasi 15, na kwenye mto Rhine unaopita Köln ni farasi 5 tu.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Ndiyo, mtu asiyejua bahari anaweza. Tena upande wa kaskazini mashariki wa Corfu, kuanzia Nissaki, Agni na Kalami mpaka Kassiopi, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Ghuba ndogo ndogo zimefuatana, maji ni maangavu hadi unauona mchanga chini, na nchi kavu haiko mbali ukipatwa na jambo. Lakini sheria ilipokusamehe leseni haikukusamehe maarifa yanayokwenda na leseni. Anayetakiwa kukupa maarifa hayo ni yule anayekukabidhi boti asubuhi pale gatini, huku wateja wengine wamejipanga nyuma yako. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Usikubali kuharakishwa. Ukiona anakuonyesha usukani na sanduku la barafu kisha anakusukuma uondoke, mshukuru na uende kwa jirani yake.

Utasikia wakikwambia kuendesha boti ni kama gari tu. Nawapinga kabisa, maana mazoea ya gari ndiyo yanayowaponza watu, na yanawaponza mahali pawili. Kwanza, gari hugeuka kwa mbele. Boti inasukumwa na mashine iliyo tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa hiyo ukikata usukani kulia, tezi ndiyo inayoruka kushoto. Ukiwa umelala ubavuni mwa gati, ukikata usukani na kutia mwendo ili uondoke, utalipiga gati kwa tezi. Njia sahihi ni kuisukuma omo, yaani mbele ya boti, kwa mkono mpaka itazame nje, au kutoka kinyumenyume taratibu. Pili, boti haina breki. Ukitoa gia inaendelea kuteleza, na upepo unaibeba upande unakotaka wenyewe. Kuisimamisha ni kutia gia ya nyuma kidogo, na hata hapo haisimami papo hapo.

Kwa sababu hiyo, karibu na gati nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu: tia gia, hesabu mbili, itoe, tazama boti inakwenda wapi, kisha tia tena. Ingia ukiwa umeukabili upepo, ili upepo wenyewe ukusaidie kusimama. Watoto wakae, mikono na miguu iwe ndani. Boti hizi zikishabeba familia hupita nusu tani, na hakuna mguu wa mtu unaoweza kuizuia isigonge gati bila kuumia. Mwombe mwenye boti akae pembeni yako, utoke na kurudi gatini wewe mwenyewe mara mbili au tatu kabla hajashuka. Anayeijali mali yake hatakataa. Kule Agni, mikahawa ina vigati vyake na wahudumu huja kupokea kamba zako. Ukiwaona wamesimama, punguza mwendo zaidi, usiongeze kwa aibu ya kutazamwa.

Sasa ile kamba nyekundu. Karibu na usukani utaona kamba fupi ya kujisokota, upande mmoja umechomekwa kwenye swichi, upande wa pili una kifungo cha kujifunga mguuni au kiunoni. Kazi yake ni moja: ukianguka majini, inachomoka na mashine inazima. Bila hiyo boti itakwenda peke yake na watoto ndani, au itazunguka na kurudi juu yako ikiwa rafadha, yale mapanga ya mashine yanayosukuma boti, inazunguka. Nimewaona wengi wakiifunga kwenye usukani ili isiwasumbue. Naomba sana wewe usifanye hivyo. Ifunge mguuni kabla ya kuwasha mashine, na uifungue baada ya kuizima. Uliza pia kama kuna kamba ya akiba, kwa sababu nahodha akitumbukia na kamba yake, mke wako atahitaji nyingine ili awashe mashine aje kukuchukua. Na yeye naye afundishwe kuwasha, kutia gia na kuzima. Usiwe peke yako mwenye kuijua boti.

Mkitaka kuogelea mtatia nanga, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Nanga haishiki kwa uzito wake. Inashika pale kamba inapoivuta kwa ulalo hadi kucha zake zizame mchangani. Ukiishusha wima na kufunga kamba fupi, wimbi la kwanza litaing'oa. Maji yakiwa mita 4, toa kamba mita 20; ndiyo, mara tano ya kina. Chagua mahali peupe chini, hapo ni mchanga. Sehemu nyeusi ni nyasi za bahari zinazoitwa posidonia, ambazo haziishikilii nanga vizuri, tena ni mazalio ya samaki yanayolindwa Ulaya, na nanga huyararua. Simama juu ya mchanga omo ikitazama upepo, shusha nanga taratibu bila kuirusha, acha boti irudi nyuma yenyewe huku ukitoa kamba, funga kamba omo, kisha tia gia ya nyuma kidogo kuijaribu. Kamwe usiifunge nanga tezi: mawimbi yataingia kwa nyuma, mahali ambapo ukingo wa boti uko chini na mashine inaielemea. Halafu chagua vitu viwili nchi kavu vilivyokaa kwenye mstari mmoja, kama mti na pembe ya nyumba. Vikiachana, nanga inakokota.

Wenzetu wa pwani wanaosoma hapa watauliza habari za maji kupwa. Sisi tumezoea Tanga na Mombasa maji yakishuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hata ukirudi unakuta chombo kimekaa juu ya matope. Mediterania upande ule maji hupanda na kushuka kidogo sana, hilo lisikutie shaka. Linalotakiwa kuhofiwa kule ni upepo.

Kiangazi, bahari ya Ionia asubuhi hulala kama mafuta. Kuanzia saa sita au saa saba mchana hunyanyuka upepo wa kaskazini magharibi, Wagiriki huuita maistro, ukaendelea hadi jioni. Mgeni anatoka saa tatu asubuhi, bahari shwari, anakwenda mbali akiwa na upepo mgongoni bila kuuhisi, anakula, analala, kisha saa tisa anageuza kurudi na kukuta mawimbi yanampiga usoni na watoto wanalia. Kwa hiyo asubuhi anzeni kwa kwenda kule upepo utakakotokea, ili mchana urudi nao. Siku ya kwanza rudini kabla ya saa saba. Usiku uliotangulia tazama utabiri. Ukisoma nguvu 4 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort au zaidi, ahirisha, hata kama mwenye boti anasema si kitu. Yeye amezaliwa pale.

Kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Corfu na Albania hupita pia meli kubwa za abiria zinazotoka Italia, na boti za kasi zinazokwenda Sarandë, mji wa Albania. Meli imeshapita, umeshaisahau, ndipo mawimbi yake yanakufikia. Punguza mwendo na uyapokee kwa mshazari, si ubavu wala uso kwa uso. Na hapa nisikilize vizuri: wakati boti inakwenda, mtu yeyote asikae omo. Omo ndiyo inayorushwa juu na kuangushwa, na watu wamevunjika uti wa mgongo kwa kukaa pale kwenye wimbi moja tu la meli. Mtoto anayekaa omo akining'iniza miguu nje akianguka, anaangukia mbele ya rafadha. Watoto wako wakae katikati au nyuma, chini, na majaketi okozi yamefungwa tangu gatini. Jaketi la mtoto liwe la uzito wake; lishike mabegani ulivute juu, likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Na kwa muda wote ambao kuna mtu majini karibu na boti, mashine izimwe. Kutoa gia peke yake hakutoshi.

Mkono wa pili wa mlango huo ni Albania, na penye wembamba hazifiki kilomita 3. Unaiona milima yake kana kwamba utaigusa. Usivuke. Ni mpaka wa nchi, na mkataba wa boti yako hautakuruhusu. Mwambie mwenye boti akuchoree kwenye ramani mpaka wa kwenda na miamba iliyojificha, kisha uipige picha.

Mtu aking'ang'ana na mashine iliyogoma kuwaka, mara nyingi ni mambo manne tu. Gia haiko katikati. Kamba nyekundu imechomoka. Kama boti ina tangi la kubeba, kitundu cha hewa juu ya kifuniko kimefungwa, na mafuta hayashuki. Au mpira wa mafuta umekunjwa au kukanyagwa. Kwenye mpira huo kuna pampu ndogo ya mkono, ibinye mpaka iwe ngumu kisha ujaribu tena. Jambo jingine la kutazama mashine ikishawaka: nyuma yake hutoka mchirizi wa maji bila kukoma. Hayo ndiyo maji yanayoipoza. Yakikatika, zima mara moja, inua mashine, uangalie kama mfuko wa plastiki umeziba matundu ya kunyonyea maji. Ukiendelea hata dakika chache unaiunguza, na gharama ni yako.

Mafuta: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Simu iwe imejaa chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji, na namba mbili zimo: ya mwenye boti, na 108 ya walinzi wa pwani wa Ugiriki. Namba 112 nayo inafanya kazi kama ilivyo Ujerumani. Mkikwama, tieni nanga kwanza ili msipeperushwe kwenye miamba, ndipo mpige simu. Msiiache boti mkaogelea.

Mwisho ni karatasi. Bima ya boti hizi kwa kawaida hulipa madhara utakayowafanyia wengine, lakini rafadha iliyogonga mwamba hukatwa kwenye amana yako. Muulize waziwazi: amana ni kiasi gani, rafadha ni bei gani, mafuta nalipa lini, na upepo ukivuma siku hiyo narudishiwa pesa au nabadilishiwa siku? Inua mashine juu ya maji mbele yake, piga picha kila jani la rafadha, zunguka boti yote hivyo hivyo, ndipo usaini. Na umwambie mke wako awepo wakati wa mafunzo, watoto wabaki na mtu mwingine gatini kwa nusu saa hiyo, ili nyote wawili msikie kila neno.