Deki yenye DVD au kifaa cha USB?

Dada, kwa kuhamisha kanda zako sita za VHS za harusi chukua kifaa cha USB, kile kinachopitisha picha kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta. Deki inayorekodi DVD moja kwa moja ni rahisi kutumia, lakini zinazopatikana sasa ni mitumba, na ikifa hapa Kigoma fundi wa kuifufua utamtafuta sana. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016.

Pesa yako iweke kwenye deki ya kuchezea kanda. Omba ujaribu kanda yako palepale kabla ya kulipa: picha itulie, mistari isipite chini ya skrini. Waya za kutoka deki kwenda kwenye kifaa ni zile tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Kwenye programu ya kurekodi ya kompyuta chagua PAL, mfumo wa picha wa TV uliotumika kwetu. Ukiacha NTSC, ule wa Marekani, picha itarukaruka au itakosa rangi.

Kitu kingine, hizo kanda zilikaa chini ya kitanda Ujiji, sivyo? Zimulike kwa tochi kwenye kidirisha. Nilikuta ya mjomba ina unga mweupe pembeni mwa utepe, ule ni ukungu. Usiitumbukize hivyo, itachafua hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kanda zinazofuata.

Kanda ya saa 3 hurekodiwa kwa saa 3 zilezile, kwa hiyo usianze jioni umeme ukiwa wa wasiwasi. DVD ya GB 4.7 inabeba kama saa 2 kwa ubora mzuri. Faili lenyewe libakize kwenye diski ya kompyuta (hard disk), nakala za DVD wapelekee wazee.