Data za watu, nyumba na kipato Mbeya: zipo bure, ila anza na mipaka

Mkuu umeuliza data za idadi ya watu, nyumba na kipato za Mbeya zinapatikana wapi mtandaoni bila kulipia, maana supavaiza wako anataka ulinganishe sensa ya 2012 na ya 2022. Nimefanya tafiti za makazi huko huko Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi kwa hiyo nitaandika kirefu, vumilia.

Achana na zile tovuti zinazokuja juu kabisa ukigugo idadi ya watu Mbeya, nyingi zinachukua namba ya sensa halafu zinapiga makadirio yao na huambiwi wamepigaje. Nenda NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) moja kwa moja, ripoti za sensa ziko pale kwa pdf, za bure, andaa tu bando maana mafaili mengine ni mazito. Anza na ile ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, inashuka mpaka kata.

Sasa kazi yenyewe iko hapa. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410, ya 2022 inakwambia 2,343,754. Mtu akiziweka hizo namba mbili kwenye jedwali anaona watu wamepungua, anaanza kutafuta sababu za watu kuhama, kumbe shida ni mipaka, 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa wake, na hiyo 2022 Songwe peke yake ina 1,344,687. Jumlisha yote miwili unapata 3,688,441, yaani ongezeko la kama asilimia 36 kwa miaka kumi. Ni hadithi tofauti kabisa! Na usiishie kwenye mkoa, shuka wilayani, mfano Chunya ya 2012 ilikuwa imebeba eneo ambalo leo ni Wilaya ya Songwe, kwa hiyo hapo inabidi ukae na orodha ya kata uzipange upya moja moja. Inachosha ila bila hiyo kila asilimia utakayoandika itakuwa ya uongo.

Kwenye nyumba, sensa ya 2022 ilienda pamoja na sensa ya majengo, ila ujue jengo na kaya ni vitu viwili. Nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita na kila chumba kina familia yake ni jengo moja lakini kaya sita, sasa ukigawanya watu kwa majengo ukasema umepata ukubwa wa kaya umeharibu. Mambo ya paa, kuta, sakafu, choo, maji, nani amepanga na nani anamiliki, hayo yatafute kwenye majedwali ya kaya.

Kipato usikitafute kwenye sensa. Tumia utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ndo ule uliotoa umaskini wa mahitaji ya msingi asilimia 26.4 kwa Tanzania Bara, na sampuli yake ilipangwa itoe majibu mpaka ngazi ya mkoa, Songwe ikiwemo. Watu watakushauri utumie NPS, ule utafiti wa NBS unaorudi kuhoji kaya zilezile kila baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa data ghafi zake ziko kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, unajisajili, unaeleza unazitakia nini, unapakua. Ni data nzuri sana na nazipenda, ila sampuli yake ilipangwa iwakilishe Dar, miji mingine, vijijini na Zanzibar, kwa hiyo ukichomoa kaya za Mbeya peke yake huwezi kusema ndo Mbeya hiyo. Halafu kwenye NPS ya 2014/15 walichukua kaya nyingi mpya, usidhani unafuatilia familia zilezile tangu 2008/09.

Ukigusa data ghafi yoyote tumia uzito wa sampuli, yaani ile namba inayoonyesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, usihesabu tu kaya kama zilivyo kwenye faili. Na ukilinganisha shilingi za miaka tofauti ziondolee mfumuko wa bei kwanza, ukiangalia mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake zinahesabiwa kuwa 100, maana fahirisi ya bei ya sasa ya NBS inatumia 2020 na majedwali ya zamani yana kizio kingine.

Taja hapa wilaya ulizochagua, nitakuwekea zile kata za kuhamisha ili uanze na jedwali lililonyooka.