Baiskeli inalia kila ukikanyaga pedali? Usinunue kitu kwanza, utafute mlio unakotoka

Mkuu nimekusoma, mlio wa "kwaa" kila ukikanyaga mguu wa kulia hasa ukiwa unapanda kilima, fundi kakuwekea ekseli mpya ya krenki (ile mikono miwili inayobeba pedali) na gololi mpya na bado unalia vilevile, sasa anataka ubadilishe krenki nzima. Mi nakushauri usitoe hela nyingine kwanza. Umesema alisikiliza tu akasema ni pale chini, na sikio kwenye baiskeli linadanganya mno. Fremu ni mabomba matupu yaliyoungana, mlio ukianzia kwenye siti unapita kwenye bomba unakuja kusikika miguuni, ukianzia gurudumu la nyuma nao unasikika hapohapo miguuni.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: kukanyaga mguu wa kulia hakusumbui krenki peke yake. Ukikanyaga kwa nguvu mwili unaegemea, siti inabanwa upande mmoja, mikono inavuta usukani, mnyororo unalivuta gurudumu la nyuma kwenda mbele, yaani kila kiungo kinapata mzigo kwa wakati mmoja na mguu wako. Kwaiyo mlio kufuata mguu sio ushahidi kwamba ni krenki.

Yangu ilikuwa na mlio kama huo wako na kila aliyeipanda alikuwa anasema ekseli. Nikajaribu kitu kimoja, nikainuka kwenye siti nikakanyaga nimesimama, kimya. Nikakaa, ikalia. Nikafungua kile kibano kinachoshika vyuma viwili vya chini ya siti, ndani vumbi tupu, nikafuta, nikapaka grisi kidogo kwenye bolti na pale vyuma vinapokaa, nikakaza, ikanyamaza mpaka leo. Kwaiyo anza na hiyo maana haihitaji hata spana. Ukisimama ikinyamaza, kosa liko kwenye siti, kibano, au lile bomba la siti linapoingia kwenye fremu (hilo nalo litoe, futa ndani na nje, paka grisi, rudisha, ila fremu ikiwa ya kaboni usitumie grisi, zina dawa yake maalumu).

Ikiendelea kulia ukiwa umesimama basi tuendelee. Acha kukanyaga wakati baiskeli inatembea. Kama bado inalia, achana na krenki kabisa, angalia magurudumu, breki inayogusa, spoki zilizolegea. Kama inanyamaza, sikiliza mpangilio wake. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa krenki ni pedali, mkono wa krenki, ekseli yake, bolti za lile gia kubwa la mbele, au hata ncha ya waya wa gia inayogongwa na krenki ikipita, hiyo usiidharau. Ukija kila baada ya mizunguko miwili na kitu ya krenki, huo ni mnyororo. Chukua mnyororo wa pingili 112 na gia la mbele la meno 46, mnyororo unamaliza mzunguko wake krenki ikiwa imezunguka karibu mara mbili na nusu, kwaiyo pingili moja iliyokaza italia kwa mwendo huo. Zungusha pedali kinyumenyume taratibu ukiwa umechuchumaa nyuma, utaiona pingili haijinyooshi vizuri ikitoka kwenye gia.

Pedali ipime kwa kuazima za baiskeli nyingine. Ukizifungua kumbuka ya kushoto nyuzi zake zinaenda kinyume, unaifungua kwa kuzungusha spana kuelekea mkono wa kulia (kama mishale ya saa), wengi wanaikaza wakidhani wanafungua mpaka nyuzi zinakufa. Mara nyingi pedali yenyewe ni nzima, ni mchanga tu umeingia kwenye nyuzi, ukifuta na kupaka grisi na kukaza vizuri inaisha.

Sasa krenki yenyewe, hapa ndo fundi alitakiwa aanzie. Shika mkono wa krenki (sio pedali) usukume kuelekea kwenye fremu na kuuvuta nje. Ikicheza mikono yote miwili kwa pamoja, ni gololi au vikombe vinavyozishika vimelegea. Ukicheza mmoja tu na mwingine umetulia, ni ule mkono haujakaa sawa kwenye ekseli, na hapo usiendelee kuendesha hata kidogo, maana krenki za alumini zenye tundu la pembe nne tundu linapanuka kila unapokanyaga, likishapanuka hata ukikaza haishiki tena. Kama zako ni zile za pini ya chuma inayogongwa, pini ikilegea utausikia mlio wa "tok" miguuni kabisa.

Na gurudumu la nyuma, tafadhali usiliruke kwa sababu mlio unasikika mbele. Nati za ekseli zikilegea kidogo tu, au pale ekseli inapokaa kwenye fremu pakiwa na uchafu, ukiwa kilimani unapata mlio ambao ungeapa ni krenki. Legeza, futa, kaza upya, dakika chache tu.

Fanya kitu kimoja kimoja, jaribu, ndo uende kingine. Usipulizie oili kila mahali, mlio utapotea siku mbili urudi na hutajua ulitoka wapi, na ikifika kwenye rimu au diski ya breki unaweza kukosa breki. Ukishakagua yote na bado inalia, futa fremu vizuri utafute mstari mwembamba kwenye rangi, hasa kuzunguka krenki na pale usukani unapoingia kwenye fremu, na kagua mikono ya krenki pia karibu na pedali. Ukiona ufa, usiipande tena.

Jaribu kwanza ile ya kusimama kwenye kilima hichohicho halafu uje utuambie, ulivyosimama ililia au ilinyamaza?