Matumbawe hayahitaji kulishwa kila siku

Je, matumbawe ya akwaria yalishwe kila siku? Hapana, si kila siku. Mara 2 kwa wiki zinatosha kwa matumbawe mengi ya akwaria, kwa sababu chakula chao kikubwa ni sukari inayotengenezwa kwa mwanga na vijimwani vilivyomo ndani ya tishu. Tubastraea, aina mojawapo ya tumbawe, ni tofauti: haina vijimwani, usipoilisha inakonda na kufa.

Kinachochafua maji mara nyingi ni namna ya kulisha. Yeyusha uduvi wa barafu kwenye kikombe cha maji ya tangi, chuja kwa chujio la chai, na yale maji ya maziwamaziwa yamwage, maana yana fosfeti, kirutubisho cha mwani. Subiri taa zizimwe na minyiri (vijimkono vya tumbawe) ichomoze, zima pampu dakika 15, kisha dondoshea kila mdomo taratibu kwa sirinji. Tumbawe likitema, pengine kipande ni kikubwa mno. Kifyonze kabla ya kuwasha pampu. Kikiozea nyuma ya mawe, mwani wa nywele hauchelewi.

Pima kila wiki: naitreti, nayo ni kirutubisho cha mwani, iwe mg 5 hadi 10 kwa lita, fosfeti mg 0.03 hadi 0.1 kwa lita. Zikipanda, punguza chakula na badilisha maji 10%, chumvi ikiwa gramu 35 kwa kilo, kwa maji yaliyosafishwa kwa osmosisi kinyume (kusukumwa kwenye utando unaozuia uchafu), si ya bomba. Ila naitreti na fosfeti usizishushe hadi sifuri: matumbawe hupauka, na dinoflajelati (viumbe vidogo sana vya seli moja) hutandaza ute wa kahawia wenye mapovu, ambao kuuondoa ni kazi kuliko mwani wenyewe.