Karatasi ya oda

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwajiri anapata faida gani ya kibiashara akiajiri mtu mwenye ulemavu? Mimi nina karakana ya ushonaji mjini Morogoro, mafundi tisa, na kazi yetu kubwa ni sare za shule. Nitajibu kwa yale niliyoyaona karakanani. Watu wakizungumzia jambo hili huanza na huruma, na mimi naamini huruma hiyo ndiyo inayowanyima wengi kazi, maana anayeonewa huruma haulizwi anajua nini.

Miaka minne iliyopita mama mmoja, mteja wangu, alimleta mpwa wake aliyesomea ushonaji. Binti ni kiziwi tangu utotoni. Alinionyesha shati aliloshona mwenyewe, nikageuza ndani nje, nikakuta mshono umenyooka na kola imekaa. Bado nilisita, kwa sababu moja tu: nitamwelekezaje?

Karakana yetu iliendeshwa kwa mdomo. Mteja anaeleza pale mlangoni, mimi napaza sauti kwa mkataji, mkataji anamwambia fundi huku cherehani nane zinanguruma. Sketi iliyoagizwa ya marinda inatoka bila marinda. Mfuko unakwenda kulia badala ya kushoto. Mteja akirudi, fundi anasema aliambiwa hivyo, mkataji anasema hakusema hivyo, na hakuna aliyeandika popote. Januari shule zikifunguliwa tulikuwa tunafumua kila siku, na kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi dukani. Hasara ni yangu.

Kwa ajili ya binti yule tukaanzisha karatasi ya oda. Ina jina la mteja, vipimo, rangi, idadi, na nguo yenyewe imechorwa kwa kalamu, mishale ikionyesha mfuko, zipu na upana wa pindo. Inabanwa kwa pini kwenye vipande vilivyokatwa na kusafiri navyo kutoka meza ya kukatia mpaka kwenye pasi. Niliitengeneza kwa mtu mmoja. Haukupita mwezi mafundi wengine wakawa hawapokei kazi isiyo na karatasi. Msimu uliofuata tulimaliza wiki nzima bila kurudishiwa nguo hata moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nifungue. Kasoro ilikuwa yetu siku zote. Yeye alitulazimisha kuirekebisha.

Baadaye nilipita Iringa nikala kwenye mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wahudumu ni viziwi, na mgeni anaandika anachotaka. Niliandika, kikaja kilekile. Nilikaa pale nikiwaza karatasi yetu ya oda.

Hata makampuni makubwa yameliona hili. Marekani, kampuni ya maduka ya dawa ya Walgreens ilifungua ghala mjini Anderson, South Carolina, mwaka 2007, na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake walikuwa watu wenye ulemavu. Mshahara ule ule, kipimo cha kazi kile kile. Skrini za kazi zilirahisishwa kwa ajili yao, na kila aliyezitumia akanufaika.

Hapo kwenye mshahara naomba niseme kwa nguvu. Kuna waajiri wanaompokea mtu mwenye ulemavu kisha wanamlipa nusu, na bado wanataka washukuriwe. Mimi nalipa kwa kipande, na fundi wangu kiziwi anapokea sawasawa na mwenzake kwa kila shati. Mwezi wa Januari huwa anawapita wengi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mimi sijafika 20, hainibani. Lakini naona ajabu wanaobanwa nayo wanavyoihesabu kama mzigo.

Ugumu upo. Mambo marefu, kama mkataba au ugomvi kati ya mafundi, yanahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na hapatikani kila siku. Sisi wengine tumejifunza alama za kazi na salamu, basi, na najua haitoshi.

Faida nyingine sikuitegemea kabisa. Wazazi wenye watoto viziwi walianza kuja, wengine kutoka mbali, kwa sababu mtoto anapimwa na mtu anayezungumza naye moja kwa moja, anaulizwa yeye mwenyewe kama kiuno kinabana. Wazazi hao wanaleta pia sare za ndugu zake wote.

Sasa nahitaji mkataji wa pili kabla ya Januari. Kijana niliyempenda anatumia kiti cha magurudumu, na mlango wangu una ngazi mbili. Juzi fundi mwashi alikuja kupima mteremko wa saruji, na meza moja ya kukatia tutaipunguza miguu. Vijana wanaobeba majora ya kitambaa kutoka kwenye bajaji wameshaniuliza mteremko utakauka lini.