Nikisali sihisi chochote: imani yangu imekufa?

Mleta mada anasema ana miaka mingi katika wokovu, kazi yake inamchosha, na kila akipiga magoti usiku maneno yanaishia kwenye dari. Mtu mmoja amemwambia hiyo ni dalili ya dhambi iliyofichwa. Sasa anauliza kama aache kusali mpaka moyo urudi, maana kuendelea hivi anaona ni unafiki.

Nimepita hapo. Nilikaa kama miaka miwili, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnisamehe. Mwenye haraka achukue hili: usiache kusali, acha kutunga maneno yako mwenyewe.

Mimi ni muuguzi. Baba yangu aliugua muda mrefu na nikamwombea kwa kila namna niliyofundishwa, kufunga, mikesha, kuwekewa mikono, kukiri uponyaji kwa kinywa. Akafa. Sikumkasirikia Mungu, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ningekasirika ningejua walau kuna mtu wa kukasirikia. Kulikuwa kimya tu. Na kipindi hicho hicho mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi ya katikati ya wiki. Nilijua wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kushusha. Watu wanatoka wanasema wamebarikiwa, mimi natoka najiona kama spika, sauti ya mwingine inapita ndani yangu na mwenyewe sisikii kitu.

Tuanze na hiyo dhambi iliyofichwa, tuimalize haraka. Ni kweli Zaburi ya 66 inasema anayeutunza uovu moyoni hasikiwi. Kama kosa lipo, unalijua, na huhitaji mtu wa kukubashiria, litubu. Lakini mtu anayeona mwenzake anaumia akahitimisha moja kwa moja kwamba kuna kosa amefanya, huyo anarudia hotuba za rafiki zake Ayubu. Sura kwa sura walisema hivyo hivyo, na katika 42:7 Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Pili, unalala saa ngapi? Siulizi kwa dhihaka. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19), na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili na chakula. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye kabisa, kwenye mlima Horebu. Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku, nachezea simu kitandani mpaka macho yanauma, kisha najaribu kusali nikiwa nusu maiti na kuliita tokeo hilo ukame wa kiroho. Sehemu yake ilikuwa usingizi tu.

Sehemu yake, si yote. Kwa hiyo hapa ndipo nataka nikae.

Kilichonisaidia kilianza siku niliyofungua Zaburi ya 88, kwa bahati tu, natafuta nyingine. Zaburi nyingi za malalamiko hugeuka mahali fulani. Ya 13 inaanza kwa "hata lini" nne mfululizo na inamalizikia kwa kuimba. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na mstari wake wa mwisho umeishia gizani, hakuna "lakini", hakuna sifa. Nilikaa nayo nikishangaa kwamba kuna watu walioiona, wakaijua ilivyo, na bado wakaiweka katika kitabu cha nyimbo cha ibada. Maana yake walitarajia watu waliofika hapo wawepo ibadani, tena waimbe.

Nikaanza kuisoma kwa sauti, kila siku. Sikuongeza neno langu hata moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikuwa nimemwambia Mungu kitu cha kweli, na maneno hayakuwa yangu.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote. Angalia Bwana msalabani. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" imetoka Zaburi ya 31. Yeye aliyekuwa na uwezo wa kutunga sala kuliko kiumbe yeyote, alipofika mahali pabaya kuliko pote alishika maneno aliyokuwa nayo tangu utoto. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, Gethsemane, Mathayo 26:44 inasema aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Kwa hiyo mtu akikuambia kurudia sala ni kupayuka-payuka, mwonyeshe mstari huo. Katika Mathayo 6 kinachokataliwa ni kudhani kwamba wingi wa maneno utamlazimisha Mungu asikie, na mara tu baada ya katazo hilo Yesu anawapa wanafunzi sala ya kukariri! Wakristo wa kale sana walielewa hivyo. Didake, mwongozo mdogo wa kanisa la mwanzo, unaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku.

Nataka niseme kidogo kuhusu unafiki, kwa sababu hilo ndilo linalokubana. Sisi kazini kabla ya kutoa dawa za hatari tunahakiki wawili kwa sauti: jina la mgonjwa, dawa, kipimo, njia, saa. Maneno ni yale yale kila zamu. Hakuna anayeniuliza kama leo nimeyahisi, wala mgonjwa hasemi nimemfanyia unafiki kwa sababu nilihakiki nikiwa nimechoka. Kinyume chake, siku niliyochoka ndiyo siku ninayoyahitaji zaidi. Mnafiki ni yule anayeonyesha asichonacho ili asifiwe. Unayesali peke yako chumbani bila kuhisi kitu, unamwonyesha nani? (Mimi kule mbele na maikrofoni, hiyo ni habari nyingine. Nilimwendea mchungaji nikamweleza, nikaomba kupumzika kuongoza. Alinielewa. Kama unaongoza ukiwa katika hali hii, nakushauri ufanye hivyo pia.)

Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alikuwa na kinyozi wake aitwaye Petro, na kinyozi huyo akamwuliza namna ya kusali. Mwaka 1535 Luther alimwandikia jibu refu, na nalipenda kwa sababu linaanza na Luther mwenyewe kukiri kwamba kuna wakati moyo wake hupoa na kukosa hamu ya kusali kwa ajili ya shughuli na mawazo. Anachofanya ni kuchukua kitabu chake cha Zaburi, kwenda chumbani au kanisani, na kujisomea Amri Kumi, Imani (lile ungamo la "Namwamini Mungu Baba") na maneno ya Maandiko kama watoto wanavyofanya. Daktari wa theolojia, anasoma kama mtoto. Kisha anampa kinyozi mfano wa kazi yake mwenyewe, kwamba kinyozi mzuri hukaza macho na mawazo kwenye wembe na nywele, la sivyo atamkata mtu. Umakini, yaani. Hazungumzii joto moyoni.

Kwa vitendo nilifanya hivi. Asubuhi, kabla ya kugusa simu, Baba Yetu polepole, nikisimama kidogo kila ombi. Usiku zaburi moja kwa mpangilio, ikiwa ya furaha naisoma hivyo hivyo kwa niaba ya aliyefurahi. Basi. Dakika kumi zikizidi. Nikisinzia katikati sijilaumu. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, nami nikaamua kuichukua kwamba ndivyo ilivyo. Jumapili nilienda hata nilipojua sitaimba. Kwenye Imani tunakiri pamoja, na kuna siku niliwaachia walio kulia na kushoto kwangu wanikirie.

Sitakuahidi hisia zitarudi lini. Mama Teresa alikufa 1997, na barua zake zilipotolewa 2007 watu wakashtuka kusoma kwamba karibu miaka hamsini alisali katika giza. Mimi sina ubavu huo, na namshukuru Mungu yangu haikufika huko.

Kwangu kilichotokea hakikuwa machozi wala joto kifuani. Asubuhi moja nilifika "utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo", nikasimama kama kawaida, na uso wa ndugu yangu ukanijia. Tulikuwa hatujaongea tangu mazishi ya baba, tuligombana kuhusu nani alimhudumia zaidi. Mstari huo nilishausema zaidi ya mara mia nne tangu nianze, nikihesabu asubuhi zote, bila kuniletea kitu. Siku hiyo sikuweza kuupita. Nilijaribu kuendelea na "usitutie majaribuni", haikuenda. Nikachukua simu, nikampigia. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, akadhani kuna msiba.